Zinki, Rangi na Springi: Historia Fupi ya Gari Kupigana na Kutu

Leo tuache kompyuta zipoe kidogo, tuingie chini ya gari. Swali lenyewe ni rahisi kuliuliza na gumu kulijibu: ukiwa na springi, mkono wa chini unaoshika gurudumu, fremu ndogo inayobeba injini na bolti za kuvifunga vyote, utavipaka nini visiliwe na kutu? Muulize fundi wa Grogan atakwambia rangi nyeusi. Muulize jirani atakwambia oili chafu. Ukiuliza mtandaoni utaambiwa uvichovye kwa zinki, uvipige krome ving'ae, au uvipeleke kwa mtu wa rangi ya unga. Kila mmoja ana sababu zake, na la kushangaza ni kwamba karibu kila jibu kati ya hayo lilikuwa sahihi wakati fulani, mahali fulani, kwa kifaa fulani. Lakini mengine yakiwekwa mahali pasipofaa huvunja springi gari likiwa kwenye mwendo, na hapo hatuzungumzii tena urembo.

Ndiyo maana naona njia bora ya kuchagua ni kufuata historia. Sisi wa programu tunajua jambo hili: ukikuta mstari wa ajabu ndani ya programu ya zamani, usiufute kabla hujajua aliyeuandika alikuwa akikimbia nini. Mipako ya chuma ni vivyo hivyo. Kila mmoja ulizaliwa ili kutatua tatizo la uliotangulia, na kila mmoja ulikuja na tatizo lake mfukoni.

Kutu ni betri ndogo

Kwanza tuelewane kuhusu adui. Kutu ni kazi ya betri. Kipande kimoja cha chuma kikilowa, sehemu moja hutoa elektroni na kuyeyuka, na sehemu ya jirani huzipokea kwa msaada wa oksijeni iliyomo kwenye maji. Chumvi ikiingia ndani ya maji hayo, stima hupita kwa urahisi zaidi na kazi inakwenda mbio. Baya zaidi, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichotoka, kwa hivyo huinua rangi, humenyuka, na kuacha chuma kipya wazi. Alumini nayo hushikana na oksijeni, lakini utando wake hubana na kuziba. Utando wa chuma hauzibi.

Sasa fikiria mahali springi inapoishi. Inapigwa mawe ya murram, inalowa matope, inajikunja na kujinyoosha mara mamilioni, na hakuna anayeiangalia hadi siku inapolia. Mpako wowote wa mlango wa gari unaweza kuwa laini na mzuri. Mpako wa springi lazima ujikunje, uvumilie jiwe, na zaidi ya yote usikidhuru chuma chenyewe. Sharti hili la mwisho ndilo watu husahau.

Mwanasayansi, meli na mabati

Hadithi ya zinki inaanza kabla ya gari. Mwaka wa 1742 Mfaransa Paul Jacques Malouin aliieleza Akademia ya Sayansi ya Ufaransa jinsi chuma kinavyoweza kuchovywa ndani ya zinki iliyoyeyuka. Baadaye, katika miaka ya 1780, Luigi Galvani wa Bologna alifanya majaribio yake maarufu ya miguu ya chura na metali, na jina lake ndilo likawa mzizi wa neno galvanaizi tunalolitumia hadi leo.

Mwaka wa 1824 Humphry Davy aliombwa na jeshi la majini la Uingereza aokoe mabamba ya shaba yaliyofunika matumbo ya meli za mbao, kwa kuwa maji ya bahari yalikuwa yakiyala. Davy alijua kwamba metali mbili zikigusana majini, moja huliwa na nyingine husalimika. Akafunga vipande vya zinki na chuma kwenye shaba. Shaba ikaacha kuliwa kabisa. Ushindi? Hapana. Kumbe shaba ilipokuwa ikiyeyuka polepole, sumu yake ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza viumbe wa baharini. Ilipolindwa, magugu na makombe wakaganda kwenye matumbo ya meli, meli zikawa nzito na za polepole, na vilinzi vikaondolewa. Ukiniuliza, hilo ndilo somo la kwanza na kubwa kuliko yote: mpako unaweza kufaulu mtihani wake wote na bado ukaharibu kazi ya kifaa.

Kanuni ya Davy lakini ilikuwa sahihi. Mwaka wa 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma ndani ya zinki moto, na kutoka hapo tukapata mabati. Ukiwa Kenya huhitaji maelezo marefu: nusu ya utoto wetu tumesikiliza mvua ikipiga zinki. Uzuri wake ni kwamba bati likikwaruzwa, zinki iliyo kando ya mkwaruzo hujitoa mhanga, ikaliwa yenyewe badala ya chuma. Rangi haiwezi kufanya hivyo. Rangi ikitoboka, imetoboka.

Basi kwa nini tusichovye springi kwenye zinki moto tukamaliza mjadala? Kwa sababu zinki moto huwa na joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Springi hupata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo, na joto kama hilo linatosha kuvuruga kazi hiyo. Fremu ya trela haijali. Springi inajali sana.

Enzi ya grisi na rangi nyeusi

Magari ya kwanza yalirithi springi za majani kutoka kwa magari ya farasi. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilikuwa na springi mbili tu za majani zilizolala kwa upana, moja mbele na moja nyuma. Ulinzi wake ulikuwa rangi nyeusi yenye asili ya lami, iliyokaushwa kwa joto, pamoja na grisi kati ya jani na jani. Grisi ilikuwa na kazi mbili: kuzuia kutu na kuyafanya majani yateleze. Wenye uwezo walizivalisha springi zao mifuko ya ngozi ili grisi isioshwe na maji wala kunasa mchanga. Usicheke. Kwa springi za majani mfumo huo ulifanya kazi vizuri, na mtu anayepaka oili springi za lori leo anaendeleza desturi yenye umri wa zaidi ya miaka mia.

Wakati huo huo ugunduzi mwingine wa kimya ulikuwa ukiingia. Mwaka wa 1906 Mwingereza Thomas Watts Coslett alipata hataza ya kuchemsha chuma ndani ya asidi ya fosforasi ili kipate ngozi nyembamba ya fosfati. Mwaka wa 1915 kampuni ya Parker Rust-Proof ikaanzishwa Detroit kuuza maarifa ya aina hiyo kwa viwanda. Fosfati peke yake haizuii kutu kwa muda mrefu. Kazi yake ni kuwa kama plasta yenye vinyweleo: rangi au oili hushika ndani yake, na rangi ikitoboka, kutu haitambai kwa urahisi chini yake. Hadi leo karibu kila mpako wa maana wa springi huanza na fosfati. Ni kama ile laibrari ndogo ambayo hakuna anayeitaja, lakini ukiiondoa kila kitu kinaanguka.

Kikulacho ki nguoni mwako

Katika miaka ya 1930 springi za koili zilianza kuchukua nafasi upande wa mbele wa magari ya kawaida. General Motors ilileta saspensheni huru ya mbele mwaka wa 1934, kazi ambayo Mwingereza Maurice Olley alichangia sana. Baada ya vita Earle MacPherson akaja na nguzo yake, springi na shokomzoba kwa pamoja, ambayo Ford iliitumia katika magari yake ya Ulaya kuanzia mwanzo wa miaka ya 1950. Ukifungua Vitz au Probox leo, upande wa mbele utaikuta nguzo hiyo hiyo.

Koili ilibadilisha hesabu. Springi ya majani ina majani kadhaa, na moja likivunjika mengine yanakubeba hadi gereji. Koili ni waya mmoja. Waya huo ni wa feleji ngumu sana, inayoweza kuvumilia mvuto wa megapaskali 1,800 au zaidi, na mzigo wake mkubwa uko kwenye ngozi ya nje ya waya, hasa upande wa ndani wa koili. Kishimo kidogo cha kutu kwenye ngozi hiyo kinatosha kuwa mwanzo wa ufa. Ndiyo maana John Almen wa General Motors na wenzake walijenga taaluma ya kuipiga springi kwa tembe ndogo ndogo za chuma, kwa kasi, ili ngozi yake ibanwe na ufa ushindwe kufunguka. Hadi leo nguvu ya kipigo hicho hupimwa kwa kibamba chenye jina lake.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tulia kidogo. Mtu anaona bolti iliyochovywa zinki kwa stima inang'aa, anasema na springi yangu nifanyie hivyo hivyo. Lakini kabla ya kuchovya kwa stima, chuma huoshwa kwa asidi, na wakati wa kuchovya, stima huzalisha haidrojeni juu ya chuma. Atomi ya haidrojeni ni ndogo kuliko zote. Inapenya ndani ya feleji kama mchwa, inakaa kwenye nafasi zilizobanwa, na feleji inakuwa kama kioo.

Jambo hili si geni. Mwaka wa 1875 Mwingereza William H. Johnson aliieleza Royal Society ya London kwamba chuma na feleji zikikaa ndani ya asidi kwa muda mfupi hupoteza uwezo wa kupindika na kuvunjika ovyo, na kwamba ukilowesha mahali palipovunjika unaona mapovu yakitoka. Aligundua pia kuwa hali hiyo hupungua chuma kikipumzika au kikipashwa joto. Karibu miaka 150 baadaye tunafanya yale yale: bolti ngumu ikishachovywa kwa stima hupelekwa haraka kwenye tanuri la nyuzi 190 hadi 220 kwa saa kadhaa ili haidrojeni itoke.

Tatizo ni kwamba kadiri feleji inavyokuwa ngumu ndivyo hatari inavyozidi. Bolti ya kawaida haina shida. Springi ya koili iko juu kabisa ya ngazi, na hata tanuri halikupi hakika. Na haivunjiki mezani. Inavunjika saa kadhaa au siku kadhaa baadaye, ikiwa imebeba mzigo. Kwa lugha yetu ni ile hitilafu inayopita majaribio yote na kulipuka baada ya mteja kuanza kuitumia. Tofauti ni kwamba hapa mteja yuko kwenye mteremko wa Mai Mahiu, na nyuma yake kuna lori.

Chumvi inashuka barabarani

Kwa miongo ya kwanza ya gari, kutu ilikuwa kero ya kawaida. Kilichoibadilisha kuwa janga ni chumvi. Katika majira ya baridi ya 1941 na 1942, New Hampshire lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kukubali kumwaga chumvi kwenye barabara zake kwa jumla ili kuyeyusha barafu. Baada ya vita barabara kuu zikaongezeka, madereva wakazoea barabara safi hata theluji ikianguka, na leo Marekani humwaga karibu tani milioni 20 za chumvi kwa mwaka. Chumvi iliokoa maisha kwa kupunguza utelezi, kisha ikaanza kula magari kutoka chini.

Jibu la viwanda lilikuwa moja ya kazi nzuri za kihandisi za karne iliyopita. Mwishoni mwa miaka ya 1950 George Brewer na timu yake pale Ford walianza kutengeneza njia ya kupaka rangi kwa stima, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaingia kiwandani. Unazamisha kifaa kizima ndani ya bafu la maji yenye chembe za rangi, unapitisha stima, na chembe zinakimbilia chuma. Akili yake iko hapa: mahali palipokwisha kupakwa huzuia stima, kwa hiyo stima yenyewe hutafuta mahali ambapo bado pako wazi, hata ndani ya mikunjo ambayo brashi haifiki. Rangi inajitafutia tundu. Ni safu ya maikromita 20 hivi tu, kisha inaokwa kwenye tanuri.

Mfumo wa kwanza ulikuwa na kasoro. Kifaa kilikuwa upande chanya wa stima, na hapo chuma kidogo na fosfati viliyeyuka na kunaswa ndani ya rangi. Katikati ya miaka ya 1970 PPG ikageuza nyaya, kifaa kikawa upande hasi, na ulinzi ukaboreka sana. Mikono ya saspensheni na fremu ndogo za magari mengi unayoyaona leo zimepakwa kwa njia hiyo. Ule weusi mwembamba, usiong'aa sana, unaodhani ni rangi ya bei nafuu, ndio huo.

Rangi ya unga nayo ilikuja kwa njia yake. Katika miaka ya 1950 Mjerumani Erwin Gemmer alichovya chuma chenye moto ndani ya unga wa plastiki uliopeperushwa kwa hewa, na miaka ya 1960 ikaja bunduki ya kurusha unga wenye chaji ya stima. Safu yake huwa maikromita 60 hadi 100, nene na ngumu, inayovumilia mawe. Springi nyingi za leo huvaa fosfati kisha unga wa epoksi, na zile za nchi zenye chumvi nyingi huvaa tabaka mbili, la chini likiwa na vumbi la zinki. Hakuna asidi kali, hakuna haidrojeni, na joto la kuoka linadhibitiwa lisifute ile kazi ya tembe za Almen.

Bei ya rangi ya manjano

Bolti zilikuwa na safari tofauti. Zinki ya stima peke yake hupata unga mweupe haraka, kwa hiyo kuanzia miaka ya 1930 watu walianza kuizamisha ndani ya mchanganyiko wa kromiamu ya hali ya sita. Matokeo ni ile ngozi ya manjano yenye rangi za upinde wa mvua. Ilikuwa mpako wa ajabu: ukiikwaruza, kromiamu iliyobaki ndani yake husogea na kuziba mkwaruzo. Inajitibu yenyewe! Kwa mahali penye chumvi kali, wengine walitumia kadmiamu, laini, yenye kuteleza vizuri kwenye nati.

Ila bei haikulipwa na mwenye gari. Kromiamu ya hali ya sita husababisha saratani ya mapafu kwa wanaovuta mvuke wake kazini. Na kadmiamu? Mwaka wa 1968 serikali ya Japani ilikiri rasmi kwamba ugonjwa wa itai-itai, uliowavunja mifupa wakazi wa bonde la mto Jinzu katika mkoa wa Toyama, ulitokana na kadmiamu iliyotiririka kutoka mgodi wa Kamioka. Kadmiamu huandamana na madini ya zinki, na Kamioka walikuwa wakichimba zinki. Mpako ule ule unaookoa bolti ulikuwa na mto nyuma yake, na watu waliokula mchele wa mto huo.

Umoja wa Ulaya ulichukua hatua kwa agizo la 2000/53/EC la mwaka wa 2000. Kwanza liliruhusu gramu 2 tu za kromiamu hiyo kwa gari zima kwa ajili ya kuzuia kutu, kisha likaipiga marufuku kwenye mipako hiyo kuanzia Julai 2007. Angalia jambo hili: bolti na nati za chasi zilipewa mwaka mmoja zaidi, hadi Julai 2008. Mtu yeyote aliyewahi kuondoa laibrari ya zamani kwenye mfumo unaotumika anajua kwa nini. Ukibadilisha mpako wa bolti, unabadilisha mtelezo wake, na ukibadilisha mtelezo, fundi akikaza kwa nguvu ile ile ya zamani bolti inabana zaidi au pungufu. Kila kipimo lazima kirudiwe.

Waliochukua nafasi ni wawili. Mmoja ni mchanganyiko wa zinki na nikeli. Wa pili ni vibapa vya zinki na alumini ndani ya gundi maalumu, uliotokana na Dacromet ya miaka ya 1970. Dacromet yenyewe ilikuwa na kromiamu, lakini warithi wake hawana. Huo hupakwa bila stima, kwa hiyo hauzalishi haidrojeni wakati wa kupakwa, na maikromita 10 hivi zinatosha.

Mtihani unaodanganya

Utaona wauzaji wakijisifu: saa 500 za ukungu wa chumvi, saa 1,000! Mtihani huo una asili yake. J. A. Capp aliupendekeza mwaka wa 1914, na mwaka wa 1939 ukawa kipimo rasmi cha Marekani, ASTM B117. Kifaa hukaa kabatini kwenye nyuzi 35, kikinyunyiziwa ukungu wa chumvi bila kupumzika.

Shida ni kwamba gari haliishi hivyo. Barabarani linalowa, linakauka, linalowa tena. Zinki inapokauka hukutana na hewa ya ukaa na kujijengea ngozi inayoilinda, nafasi ambayo kabati halimpi. Kwa hiyo kabati linaweza kuidharau zinki na kuisifu rangi ambayo jiwe moja tu litaitoboa. Viwanda vya magari vilihamia majaribio ya mzunguko kama SAE J2334: lowesha, chumvisha, kausha, rudia. Ni somo tunalolijua sisi: namba nzuri kwenye jaribio la maabara haisemi lolote kuhusu siku watumiaji halisi watakapofika.

Na uhalisi umewahi kutoa hukumu yake. Mwaka wa 1980 Lancia ililazimika kununua tena magari ya Beta kutoka kwa wateja wa Uingereza kwa sababu ya kutu iliyokula fremu ndogo ya mbele. Mwaka wa 2010 Ford iliita zaidi ya magari 500,000 ya Windstar ya 1998 hadi 2003, yaliyokuwa maeneo yenye chumvi barabarani, kwa kuwa ekseli ya nyuma ingeweza kuliwa na kutu na kukatika. Mwaka wa 2016 Toyota, bila kukiri kosa, ilikubali suluhu ya hadi dola bilioni 3.4 kuhusu fremu za Tacoma, Tundra na Sequoia. Hizi si kampuni za vichochoroni. Zina maabara, zina wahandisi, na bado kutu ilipata mlango.

Kutoka Sapporo hadi Mombasa

Utasema, sisi Kenya hatuna theluji, chumvi inatuhusu nini? Inatuhusu. Madereva wa kaskazini ya Japani walikuwa wakitumia matairi yenye misumari wakati wa baridi. Misumari ilisaga lami, na vumbi likawachosha wakazi wa miji kama Sendai na Sapporo, hadi sheria ya mwaka wa 1990 ikayazuia. Misumari ilipoondoka barabara zikateleza, na chumvi ya kuyeyusha barafu ikaongezeka. Gari lililoishi huko miaka saba linaweza kupita mnada, kupanda meli na kufika Mombasa likiwa bado ndani ya kikomo chetu cha miaka minane cha KS 1515, juu linang'aa kama sahani, chini limeliwa.

Hapo ndipo penye mtego. Ukiona chini ya gari la mtumba pamepakwa lami nyeusi mbichi kila mahali, springi, mikono, hadi bolti, usifurahi upesi. Nyumba nzuri si mlango, fungua uingie ndani. Rangi juu ya kutu haizuii kutu. Inaificha, na hunasa maji ndani. Chukua bisibisi, gonga fremu ndogo, sikiliza sauti. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Angalia hasa pale koili ya chini inapokaa kwenye kikombe chake, kwa sababu hapo mchanga hunaswa, mpako husagika, na ndipo springi nyingi huvunjikia.

Basi tuchague nini?

Springi ya koili: fosfati na rangi ya unga, ya mtu anayejua joto la kuoka. Usiichovye kwa stima, usiipige krome, usiioshe kwa asidi, usiichome kwa welding wala kuikata kwa moto. Kama mpako umetoboka na chuma kina vishimo, usiipake, nunua nyingine, na ununue mbili.

Springi za majani: safisha, paka rangi yenye zinki, na grisi kati ya majani. Oili chafu husaidia chuma, lakini ikifika kwenye bushi za mpira huzivimbisha na kuzilainisha, na bushi mbovu italeta ajali kabla ya kutu.

Mikono ya feleji na fremu ndogo: rangi ya bafu la stima ikiwa bado nzima, iache. Ikitoboka, ondoa kutu hadi chuma, weka praima ya zinki, kisha epoksi, na ndani ya mashimo pulizia nta, kwa kuwa kutu ya fremu mara nyingi huanza ndani.

Bolti: tumia zenye mpako ule ule zilizotoka kiwandani, na kaza kwa kipimo cha mpako huo. Bolti ya feleji isiyoshika kutu ukiifunga kwenye mkono wa alumini, umetengeneza betri ya Davy, na safari hii kinacholiwa ni mkono wako wa alumini.

Fimbo ya shokomzoba: hiyo krome yake ngumu ni uso wa kuteleza kwenye sili ya oili. Usiipake chochote. Kule Ulaya, bafu la kuitengeneza linahitaji kibali maalumu tangu Septemba 2017, kwa sababu ile ile ya mapafu ya wafanyakazi.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba hakuna mpako mmoja ulioshinda. Kinachochaguliwa kwa kweli ni namna ya kuharibika. Rangi inayomenyuka huonekana, na mtu akainama akaiona. Zinki inayoliwa hutoa unga mweupe, ikakupa miaka ya kujiandaa. Springi iliyochovywa vibaya haitoi ishara yoyote: inang'aa jioni, na asubuhi iko vipande viwili. Ukisimama kaunta ya spea na muuzaji akikuambia mpako huu haushiki kutu kamwe, muulize swali moja tu: ukishindwa, utanijulishaje?